Linksi sio gofu ya ufukweni tu: kwanini kule St Andrews unalenga pembeni mwa bendera

Julai 2022, siku ya mwisho ya The Open, yale mashindano makubwa ya gofu, kule St Andrews, Scotland, mchezaji Cameron Smith anafika shimo la 17 akiwa mbele ya wenzake kidogo tu. Mkwaju wake wa pili umebaki chini ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi kabisa yenye shimo, upande wa kushoto, na kati yake na bendera kuna banka la Road, kashimo kadogo ka mchanga lakini kamekwenda chini sana na kameshazamisha watu wazito. Sisi tulikuwa tunaangalia kwenye tv, mimi na mtoto wa dada yangu ambaye ndo ameanza kucheza, na sote wawili tukawa tunangoja achukue weji, fimbo ya kuinulia mpira juu, aurushe mpira juu ya banka utue laini karibu na bendera. Smith akachukua fimbo ya kusukumia, ileile ya kumalizia mpira ndani ya shimo, akausukuma ukatambaa juu ya nyasi, ukapita ukingoni mwa banka karibu sana, ukapanda kile kilima cha grini ukasimama. Bado zilibaki kama mita 3, akazitia. Shimo la 18 akamaliza kwa mikwaju 3 na akabeba kombe kwa tofauti ya mkwaju mmoja.

Kijana akanigeukia, "Mjomba, kwani ameogopa?"

Hakuogopa. Alicheza linksi, gofu ya ule ukanda wa mchanga wa pwani ya Scotland, inavyochezwa, na nilipojaribu kumweleza pale pale nikaona maelezo hayaishi, manake ukitaka kuelewa mkwaju ule mmoja lazma uelewe mchanga, nyasi, upepo, kondoo, sungura na deni la mji mzima. Kwa hiyo nimeona niyaandike yote vizuri.

Kwanza tutoe kosa moja ambalo hata watangazaji hulifanya. Linksi sio uwanja wowote ulio karibu na bahari. Uwanja wetu wa Mombasa, ule wa mashimo 9 ulioanzishwa 1911, uko juu ya bahari kabisa, unapiga mpira huku meli zinapita mlango wa Likoni, upepo unakupiga usoni, lakini pale chini ni mwamba wa matumbawe na bahari ipo chini ya jabali. Sio linksi. Vipingo kule Kilifi, uwanja mzuri sana, una mibuyu na unaona Bahari ya Hindi kwa mbali, nao sio linksi. Jina lenyewe linatokana na neno la zamani la Kiingereza lililomaanisha kilima au tuta la ardhi, na watu wa Scotland wakalitumia kwa ule ukanda wa mchanga ulio kati ya pwani na mashamba. Zamani sana barafu kubwa iliyoifunika Scotland ilipoyeyuka, ardhi ikainuka taratibu, bahari ikarudi nyuma, ikaacha mchanga, na upepo wa miaka maelfu ukaukusanya mchanga ule ukawa matuta na mabonde, nyasi ikaota juu yake. Ukanda huo ndio linksi. Ungelikuwepo hata kama gofu isingebuniwa.

Na ukanda ule haukufaa kulima. Mchanga haushiki maji, haushiki rutuba, chumvi inaingia, upepo haupumziki. Mkulima hakuutaka, basi ukaachiwa kondoo, sungura, wafua nguo wa kuanika nguo zao, na vijana wa kucheza. Karibu kila kitu cha ajabu utakachokiona kwenye gofu ya aina hii kinatokana na hapo, kwamba ilikuwa ardhi ya watu wote kwasababu hakuna aliyeitaka iwe yake peke yake.

Sasa nyasi. Sisi tuliozoea viwanja vya bara, Nairobi na kwengineko, tunachezea nyasi ya kikuyu, nyasi yetu kabisa iliyotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na leo imesambaa dunia nzima. Ni nene, ina nguvu, mpira unakaa juu yake kama uko kwenye godoro na ukitua unakwama. Kule St Andrews kuna nyasi jamii ya feskyu, nyembamba kama sindano, mizizi inakwenda chini mbali kutafuta maji, haitaki mbolea nyingi na haitaki kumwagiliwa sana, wakati wa kiangazi inageuka rangi ya majani makavu na hakuna anayeshtuka. Mimi nilipofika pale, kabla hata ya kupiga mkwaju wa kwanza, niliinama nikaipapasa kwa kiganja. Ni ngumu. Unagonga kwa kisigino unasikia kama unagonga mkeka uliotandikwa juu ya sakafu. Mpira wangu ulikaa juu yake hivi hivi, bila mto wowote chini, ukiangalia kwa karibu unaona vijani vitatu vinne vimelala halafu punje za mchanga mweupe katikati yake.

Hilo la mpira kutokuwa na mto ndo linabadilisha mchezo mzima. Ukitaka kuurusha mpira juu sana ukadondoka laini unahitaji fimbo ipite chini ya mpira, na pale chini hakuna nafasi, ni ardhi ngumu, weji yenye tumbo kubwa inadunda kwenye ardhi na kuupiga mpira katikati, unaruka unavuka grini yote. Alafu hata ukifanikiwa kuurusha, unatua kwenye ardhi ngumu unadunda tena mita 20, 30, na huna uhakika unadunda kwenda wapi kwasababu kila mahali kuna vibonde na vituta. Kwa hiyo mchezaji anayejua anautua mpira mapema, kabla ya grini, mahali ambapo ardhi inaelekea anakotaka, alafu anauacha utembee. Halengi bendera, analenga kibonde kilicho mita 25 kushoto kwa bendera maana anajua kibonde kile kitaurudisha. Na akiwa nje ya grini, nyasi ni fupi na kavu kiasi kwamba fimbo ya kusukumia inafanya kazi vizuri tu hata kwa mita 30. Smith aliona banka, akaona ule mgongo wa ardhi pembeni yake, akaona njia. Angeurusha, angekuwa anaomba mambo matatu yaende sawa kwa wakati mmoja. Alipousukuma aliomba moja, nguvu iwe sahihi.

Tukija kwenye upepo, hapa sisi wa pwani hatuna haja ya kufundishwa sana. Mtu aliyekua akijua kusi inaanza lini na kaskazi inaingia lini, anayejua kwamba nahodha hashindani na upepo, anaelewa nusu ya linksi tayari. Tofauti ni kwamba kusi letu lina adabu, linakaa miezi, na kule upepo unaweza kubadilika ndani ya raundi moja ya masaa manne. Uwanja wa Old Course, huohuo wa St Andrews, umekaa kama fimbo ya mchungaji, mashimo ya mwanzo yanakwenda mbali na mji kuelekea mlango wa mto Eden, yanazunguka kidogo pale mwisho, alafu mashimo ya nusu ya pili yanarudi mjini sambamba na yale ya kwenda. Ungetegemea kwamba ukienda na upepo wa mbele basi ukirudi unapata wa nyuma, lakini wenyeji wanakwambia upepo hufuata maji, maji yakigeuka, yakianza kupwa au kujaa, nao unageuka, na kuna siku mtu anaupata usoni kwenda na kurudi.

Na kuna jambo la kisayansi hapa ambalo wengi wanalikosea. Mpira wa gofu ukipigwa unazunguka kinyumenyume, na kule kuzunguka ndo kunaufanya uinuke na ukae hewani. Upepo wa mbele unaongeza athari ile, mpira unapanda juu zaidi, unasimama kama puto, unashuka wima, umekula nusu ya safari. Mtu mgeni akiona hivyo anapiga kwa nguvu zaidi, na nguvu zaidi inaleta kuzunguka zaidi, na mpira unapanda zaidi. Dawa ni kinyume chake kabisa: chukua fimbo ndefu kuliko ulivyozoea, mahali pa aini 8, yaani fimbo ya chuma namba 8, chukua aini 5, weka mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu yako, piga polepole na ufupishe mkono unapomaliza. Mpira unakwenda chini chini, kama urefu wa paa la nyumba, upepo hauupati vizuri. Kedi aliyenibebea begi, mzee wa kama miaka 70, aliniona nimekaza mikono pale shimo la 11, linalotarajiwa umalize kwa mikwaju 3, grini imeinuka na nyuma yake ni maji ya Eden, upepo unavuma kutoka kulia. Hakusema neno, aliirudisha aini niliyochagua ndani ya begi akanipa nyengine kubwa zaidi, alafu kwa kidole akanionyesha sehemu ya kulia kabisa nje ya grini. Nikamwambia, mzee, kule si ni nje? Akatikisa kichwa, akaelekeza tena palepale. Nikapiga kule. Mpira ukaenda kulia kama nimekosea, upepo ukauchukua ukaurudisha pole pole, ukagonga ardhi mbele ya grini, ukadunda mara mbili, ukapanda. Nimecheza gofu miaka mingi na bado ule ndio mkwaju nauona nikifumba macho.

Shimo lile la 11 lina banka linaitwa Hill, upande wa kushoto, na humo ndimo mchezaji Bobby Jones alimokatishwa tamaa kwenye The Open ya 1921. Alikuwa kijana wa miaka 19, ametoka Marekani, mara yake ya kwanza, alishindwa kuutoa mpira mle ndani na akaacha kuhesabu raundi yake. Kijana yule alirudi 1927 akashinda The Open hapohapo, na 1958 mji wa St Andrews ukamfanya raia wake wa heshima. Anachukia uwanja, anaujifunza, mwisho anaupenda kuliko vyote, na hiyo ndo hadithi ya watu wengi waliopita pale.

Mabanka ya Old Course ni 112. Ukiyafananisha na yale tuliyoyazoea, yaani mabakuli mapana ya mchanga ambayo mchezaji mzuri anatoka bila wasiwasi, utaumia. Haya ni mashimo, mengine mtu mmoja tu na fimbo yake wanatosha ndani, na ukuta wa mbele umejengwa kwa vipande vya nyasi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama matofali, umesimama wima. Mpira ukisimama karibu na ukuta huwezi kwenda mbele, unautoa pembeni au unarudi nyuma, umepoteza mkwaju mzima na hilo unatakiwa ulikubali bila kubishana nalo. Inasemekana mengi yalianza kwa kondoo, walikuwa wanajibanza nyuma ya vituta kukwepa upepo, nyasi inachakaa pale wanapolala, mchanga unabaki wazi, upepo unauchimba. Inaingia akilini, ukiangalia yalivyokaa hayana mpango wa mchoraji yeyote. Mengine hata huyaoni ukiwa kwenye tii, pale pa kupigia mkwaju wa kwanza, unayakuta umeshaingia, na sababu yake ni kwamba zamani uwanja ulichezwa kwa kuzunguka upande wa pili, kwa hiyo yaliyokuwa yanaonekana waziwazi kwa mchezaji wa enzi zile leo yamekupa mgongo.

Shimo la 14 kuna banka kubwa linaitwa Hell, Jehanamu yenyewe, mtu akisimama ndani anapotea. Jack Nicklaus, ambaye alishinda The Open mara mbili hapo St Andrews, 1970 na 1978, aliingia mle mwaka 1995 akamaliza shimo kwa mikwaju 10. Na kwenye lile la Road, Tommy Nakajima wa Japani mwaka 1978 alikuwa ameshafika grini kwa mikwaju 2, akausukuma mpira kuelekea shimo, mteremko ukauchukua, ukaingia bankani. Alitumia mikwaju 4 kutoka na akaandika 9. Sasa linganisha na Tiger Woods mwaka 2000, raundi 4, mashimo 72, hakuingia banka hata moja kati ya yale 112, akashinda akiwa mikwaju 19 chini ya idadi iliyopangiwa uwanja. Watu wanamkumbuka Tiger wa enzi zile kwa nguvu. Wiki ile alishinda kwa kujua asipige wapi.

Kitu kingine kitakachokushangaza ni grini. Kati ya mashimo 18, mashimo 14 yanagawana grini 7, kila grini ina mashimo mawili na bendera mbili, moja ya watu wanaokwenda na moja ya wanaorudi, bendera za kwenda nyeupe na za kurudi nyekundu. Jumlisha namba za mashimo yanayogawana utapata 18 kila mara: la 2 na la 16, la 3 na la 15, mpaka la 8 na la 10. Yale ya peke yake ni la 1, la 9, la 17 na la 18. Grini hizo ni kubwa ajabu, unaweza kujikuta upo kwenye grini kabisa na bado una mita 50 za kusukuma, umevuka migongo miwili, na kundi jengine linatoka upande wa pili mnapungiana mikono.

Sababu yake ni nzuri. Mwanzoni palikuwa na mashimo 12 tu kwenye ukanda ule mwembamba, ukienda mpaka mwisho unageuka unacheza mashimo yaleyale kurudi, 10 kati yao yanachezwa mara mbili, jumla 22. Mwaka 1764 wachezaji wakaona yale manne ya mwanzo ni mafupi mno, wakayaunganisha yawe mawili, na kwa kuwa yalichezwa kwenda na kurudi, 22 ikawa 18. Ni hapo tu. Hakuna hesabu ya siri nyuma ya 18, dunia nzima leo, kuanzia Arusha mpaka Muscat, tunacheza mashimo 18 kwasababu ya marekebisho yale ya mji mmoja mdogo. Karne ya 19 watu walipoongezeka ikawa fujo, wanaokwenda na wanaorudi wanapigania shimo moja, ndo grini zikapanuliwa na kuchimbwa shimo la pili.

Kuhusu ardhi kuwa ya watu wote, hili linanigusa zaidi ya yote. Mwaka 1457 mfalme James wa pili alipiga marufuku gofu na mpira wa miguu Scotland nzima kwasababu vijana waliacha kujifunza kulenga mishale, kwa hiyo mchezo tayari ulikuwa umeshika watu wa kawaida. Mwaka 1552 askofu mkuu John Hamilton alipopewa ruhusa ya kufuga sungura kwenye linksi, aliandika kwamba wananchi wana haki ya kucheza gofu na michezo yao mengine pale. Basi haki hiyo ikawepo kwa maandishi, lakini 1797 mji ulizama kwenye madeni, linksi ikauzwa, na ikaishia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura. Hebu fikiria, sungura wanachimba kila mahali, wenyeji wanawaua, kesi zinakwenda mahakamani, mvutano ukaendelea miaka zaidi ya 20 mpaka 1821 James Cheape, mwenye ardhi wa jirani na mpenzi wa gofu, akainunua. Mwaka 1894 mji wenyewe ukairudisha mikononi mwake, na tangu 1974 inasimamiwa na bodi ya amana iliyoundwa kwa sheria ya bunge. Uwanja maarufu kuliko yote duniani ni mali ya umma. Sisi huku tunaona fukwe zinazungushiwa ukuta mtoto wa mvuvi hana pa kupitia, kwa hiyo habari hii ya mji mdogo uliokataa kunyang'anywa mchanga wake naona inatuhusu.

Maana yake ni kwamba wewe na mimi tunaweza kucheza pale. Unahitaji handikepu, kile kipimo cha uwezo wako wa kucheza, inayotambulika, ada yake ni kubwa sikudanganyi, na jina unaliingiza kwenye bahati nasibu inayochezeshwa siku 2 kabla. Mimi nilikosa mara mbili, ya tatu nikapata. Unatembea kwa miguu, vigari hakuna labda kwa mwenye sababu ya kiafya. Vaa majaketi mawili matatu mepesi ya kukinga upepo kuliko koti moja zito, utayavua na kuyavaa mara tano.

Shimo la 17 nilipiga juu ya kona ya hoteli kama inavyotakiwa, mpira hauonekani unapotua, unaamini tu. La 18 ndo la kumalizia, njia pana kuliko zote, mita 320 na kitu, unavuka kidaraja cha mawe cha Swilcan, mbele yako mji wenyewe, madirisha ya nyumba, watu wameegemea uzio. Mbele ya grini pana bonde dogo wanaliita Valley of Sin, Bonde la Dhambi. Kwenye The Open ya 1995 Costantino Rocca wa Italia alikuwa hapo akihitaji mikwaju 2 tu ili alingane na John Daly, akajaribu kuuinua mpira kidogo akaupiga vibaya, ukabingirika ukarudi bondeni. Akachukua fimbo ya kusukumia. Kutoka chini ya bonde, kama mita 20, mpira ukapanda, ukapinda, ukaingia. Alianguka kwa magoti akaipiga ardhi kwa ngumi. Kwenye mashimo ya nyongeza Daly alimshinda, lakini ukimuuliza mtu yeyote pale kuhusu mwaka ule atakuonyesha bonde kwanza.

Na mimi mpira wangu uliishia bondeni humohumo. Mzee kedi alinipa fimbo ya kusukumia kabla sijaomba. Tulisubiri kidogo kabla ya kusukuma, kwasababu kuna njia inakatiza katikati ya uwanja kwenda ufukweni, na mama mmoja alikuwa anavuka na mbwa wake na ndoo ya mtoto ya kuchezea mchanga, hana haraka yoyote, na hakuna aliyemharakisha. Jumapili hawachezi kabisa isipokuwa mashindano makubwa, mji mzima unakuja kutembea juu ya grini zile. Mama akavuka, mzee akanipa ishara, nikasukuma.